Mgeni Tuliyemsindikiza Juu ya Barafu

Ningekuwa mtu wa kutunga mambo, ningetunga kisa ambacho ndani yake mimi ni shujaa. Hiki kinanionyesha nimekaa kwenye kiti cha kukunja, kikombe cha chai mkononi, nikichelewa kusimama. Ndiyo maana nakuomba uniamini. Kilitokea Januari, kwenye ziwa dogo mbele kidogo ya mji wa Savage, na wala haukuwa usiku wa manane. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Anayeishi Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani, anajua kwamba Januari saa hiyo jua limeshazama na watu bado wako kazini.

Nilikuwa nimemaliza chuo tangu Mei, sina kazi, naishi kwa dada yangu mjini Shakopee. Mumewe, Shemeji, hufanya kazi kwenye ghala kubwa la kusambaza bidhaa. Kuinua maboksi kumemharibu mgongo. Mwenzake mmoja wa kazini alikuwa anahama, akamwachia kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu: turubai la kukunja lililofungwa juu ya kitu cha plastiki mfano wa beseni refu, unakiburuta kwa kamba. Shemeji akafurahi kama mtoto. Dada hakufurahi. Aliniita jikoni.

"Wewe ndiye wa kusoma kila kitu," akasema. "Mtafutie ziwa la karibu, asiburute sana na huo mgongo. Na umrudishe." Akagusa tumbo lake, lilikuwa la miezi saba. "Neema ana miaka mitatu. Sitaki kulea peke yangu."

Basi nikapewa kazi ninayoiweza kuliko zote: wasiwasi. Siku nne nililinganisha maziwa, kuanzia Eden Prairie mpaka ng'ambo ya kusini ya mto. Lipi lina maegesho karibu na maji? Lipi lina mteremko wa kushushia mashua, ule ambao wakati wa baridi watu huutumia kuingilia barafuni? Theluji ya barabarani inaondolewa? Nilipiga simu duka la chambo mara tatu. Mara ya tatu mzee wa pale alinitambua kwa sauti, akacheka. Akaniambia lile dogo ndilo rahisi kuliko yote, hatua mia moja tu kutoka garini, ila tusivuke kwenda kaskazini kinakoingia kijito. Maji yanayotembea hayagandi sawasawa. Barafu ya kule ni ngozi tu, na theluji huifunika usiione.

Nilimweleza Shemeji hayo yote tukiwa njiani. "Umeisoma barafu mpaka imeyeyuka," akasema. "Msomi, tunaenda kuvua au tunaenda kufanya mtihani?"

Tulifika saa nane. Hapakuwa na mtu mwingine. Tulitoboa kwa keekee, nikapima: inchi kumi, unene wa kutosha. Nikatoboa tena hatua chache mbele, nikapima. Tukasimamisha kibanda, tukawasha hita ya gesi, tukakaa juu ya matundu yetu mawili na chupa ya chai ya maziwa aliyotufungia dada. Tulipata samaki wanne wadogo. Nakiri nilikuwa na furaha.

Giza lilipoanza, tukasikia sauti nje.

"Hodi. Hodi wenyewe."

Fikiria. Miezi hii ya baridi, katikati ya ziwa la Wazungu, mtu anabisha hodi. Shemeji hakufikiri hata kidogo. Mdomo wake ulijibu kabla yake. "Karibu, karibu ndani."

Akaingia mwanamume wa makamo, koti la kahawia, mikono mitupu bila glavu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, hakina neno moja la Kiingereza, na hilo huku ni nadra. Shemeji alimpisha kiti chake, akamimina chai, akamuuliza ya nyumbani. Alijibu yote vizuri, lakini hakutaja mji wala jina. Mara zote aliturudishia swali. Mna watoto? Mnakaa wangapi? Nani anawangoja?

"Umeingilia wapi? Sikuona gari lingine," nikamuuliza.

"Mimi napitia kule," akaelekeza kidevu kaskazini. "Kule ndiko rahisi. Huku kwenu mtu anaburuta, anatoboa, anahangaika. Kule mtu anaingia tu."

Shemeji akanipiga bega. "Umesikia, msomi? Siku nne za utafiti, na mwenye njia alikuwepo."

Mgeni alikaa kama robo saa. Kisha akasimama, akashukuru, akasema giza limemkuta na kwake ni ng'ambo. Na Shemeji naye akasimama, akavuta kofia masikioni. Wewe ungefanyaje? Tumelelewa hivyo. Mgeni hatoki kwako kama mbwa. Unamtoa, unamsindikiza mpaka aseme mwenyewe, "Hapo panatosha, rudi sasa." Jirani zetu wa hapa hukuaga wakiwa wamekaa. Sisi bado tunasindikizana hata kwenye maegesho ya ghala.

"Chunga ndoano," Shemeji akaniambia. Wakatoka.

Nilibaki, na kichwa kikaanza kazi yake. Kikombe cha mgeni kilikuwa kimejaa. Hita ilikuwa karibu nacho kabisa, lakini chai ilikuwa imeshika utando wa barafu. Chini ya kiti alichokalia palikuwa na dimbwi la maji. Ndani ya kibanda barafu ilikuwa kavu, viatu vyetu vilikuwa vikavu. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha kope. Mtu akilowa maji nje kwenye baridi ile, koti lake hukakamaa kama ubao. La huyu lilikuwa linatiririka.

Nikajiambia, acha, ni theluji imeyeyuka. Nikajiambia, ukitoka sasa watakucheka wote wawili. Nikajiambia ngoja dakika mbili. Nilizipoteza dakika zile mbili, na mpaka leo nazijua moja moja.

Nilipotoka, taa ya kichwani ya Shemeji ilikuwa imeshafika mbali, inaelekea kaskazini. Nikafuata nyayo zao. Zilikuwa mistari miwili. Nyayo za Shemeji zilikuwa za kawaida, mashimo makavu kwenye theluji. Za mgeni zilikuwa zimejaa maji, kila moja, na maji yalikuwa yakitikisika kama vile kuna kitu chini kinapumua.

Nikaita, "Shemeji, rudi." Hakugeuka. Nikaita jina lake. Nikamwita Baba Neema. Aliendelea kwa mwendo wa mtu anayezungumza na rafiki, taratibu, kichwa kimeinama upande. Barafu chini yangu ikalia, mlio mrefu unaotoka ufuoni mpaka ufuoni. Nilisimama. Sikuweza kwenda mbele, naapa. Nilikuwa nimesoma kwamba wawili wakikaribiana juu ya barafu nyembamba wanazama wote.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini hageuki. Mgeni hajamruhusu. Mwenye adabu harudi kabla ya kuambiwa. Basi nikasema mimi, kwa sauti kubwa: "Mgeni wetu, tumekufikisha. Hapo panatosha. Ndugu yetu anarudi kwa mkewe. Kwaheri."

Taa ikasimama. Nikasikia barafu ikivunjika, sauti ndogo tu, kama sahani. Shemeji akaanguka kwa magoti, mguu mmoja ndani mpaka paja, na kule mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji meusi, wazi, yanatoa mvuke. Nilimrushia kamba ya kibanda ambayo, kwa wasiwasi wangu tu, nilikuwa nimeizungusha kiunoni. Akatambaa kwa tumbo. Hatukuchukua hita, wala samaki, wala kibanda.

Hospitali walimkata vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi. Aliwaambia aliteleza. Mimi aliniambia, mara moja tu, kwamba walikuwa wakizungumza habari za nyumbani kwao, na mgeni alijua jina la marehemu babake.

Mtoto alizaliwa Machi, mvulana. Tumshukuru Mungu. Lakini mgeni yule hakujibu kwaheri yangu. Kila jioni, giza linapoanza, Shemeji hukatiza maneno, huvaa kofia, huenda mpaka mlangoni, na husimama pale mkono ukiwa kwenye kitasa. Hakuna aliyebisha. Dada huacha anachofanya, mtoto mgongoni, humshika kiwiko na kumwambia polepole, "Baba Neema, hapo panatosha." Ndipo hurudi kukaa. Siku dada akiwa kazini zamu ya jioni, nasema mimi. Tumekubaliana kwamba saa ile asiachwe peke yake, na nimekataa kazi mbili za jioni kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo wewe unayetafuta ziwa la karibu lenye njia rahisi, pima barafu, uliza duka la chambo, waamini. Na mtu akikubishia hodi huko katikati kwa lugha ya kwenu, mpe chai ukitaka. Akisimama kuondoka, wewe kaa. Kosa adabu. Mwage ukiwa umekaa.