Mashavu ya Mjukuu wa Mama Mizani

Pale kliniki ya watoto hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Mizani, basi. Miaka kumi na tisa amesimama kwenye mizani ile ya kuning'iniza, akisoma kilo na kutia nukta kwenye kadi. Na mdomo anao, jamani! Mwanamke akija na mtoto dhaifu na chupa ya chai ya rangi mkononi, atajuta kuamka. "Chai imemjenga nani? Uji mtupu unampa nguvu ya kulia tu! Mwili unajengwa na maharage, na yai, na samaki, na maziwa. Mboga na matunda vinaukinga na maradhi. Ukimpa kimoja ukaacha vingine, umejenga nyumba ya ukuta mmoja." Akina mama hucheka, lakini wakifika nyumbani huponda maharage. Wapo watoto wanaotembea leo kwa sababu ya kelele zake, na hilo nalisema bila kumung'unya maneno.

Sasa, bintiye alipopata kazi ya mkataba mbali, kupika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, alimwachia mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Angemwacha kwa nani mwingine? "Mama, kwako sina wasiwasi hata chembe," alisema.

Mama Mizani alimwita mjukuu wake "mume wangu", kama bibi wanavyotania. Na mume huyo alikuwa na makuu! Maharage aliyatema. Yai alilipaka ukutani. Alichotaka ni uji mweupe wenye sukari, na biskuti iliyochovywa kwenye chai. Kwa mtoto wa mtu mwingine, Mama Mizani angesema jaribu tena kesho, na kesho kutwa, mpaka ladha aizoee. Lakini huyu alikuwa akimlilia mama yake mpaka sauti inakauka, na bibi moyo ukamlainika. "Mume wangu asilale na njaa," anasema, huku anakoroga uji. Leo uji, kesho uji, miezi mitatu ikakatika. Kinyozi hajinyoi.

Kadi ya mtoto aliijaza mwenyewe. Miezi miwili mstari wa uzito ulilala, akasema ni kumkumbuka mama. Mwezi wa tatu ukapanda, tena kwa kilo nzima. Loo, alipiga kigelegele mbele ya foleni! Mashavu yalikuwa yamejaa, yanang'aa. Akampigia bintiye simu palepale. "Mume wangu amenenepa hata viatu havimwingii!" Huko aliko, bintiye alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kwamba mtoto hachezi tena, kwamba nywele zimekuwa nyembamba, rangi ya vumbi, bibi aliona. Aliona, na kila kitu akakipa sababu. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Mtoto wa mtu mwingine angemvua soksi na kumbonyeza mguu kabla hata ya kumpandisha kwenye mizani. Wa kwake hakumbonyeza.

Aliyembonyeza ni muuguzi kijana, msichana aliyefundishwa kazi na Mama Mizani mwenyewe. Alimbeba kwa utani tu, "Hebu nimwone huyo bwana mkubwa," kidole gumba kikagandamiza juu ya unyayo. Kikaacha shimo. Muuguzi akasubiri lijae. Halikujaa.

"Mama," alisema polepole, "huyu hajanenepa. Amevimba."

Kilo yote ile ilikuwa maji. Mtoto alikuwa na unyafuzi, uvimbe wa kukosa vyakula vya kujenga mwili, ugonjwa ambao Mama Mizani ameufundisha kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa.

Alimpakata akakimbia naye mpaka wodini, ng'ambo ya ua. Walimpa maziwa ya dawa, kidogo kidogo, kwa saa, maana mwili uliochoka kiasi kile ukiulisha kwa pupa unaweza kuuua. Kikombe alikishika yeye. "Kunywa, mume wangu. Mama yako yuko njiani." Na kweli bintiye alikuwa ndani ya basi, safari ya siku mbili. Bibi aliomba kitu kimoja tu, mama amkute mtoto hai. Lakini homa ya mapafu iliingia, na mwili haukuwa na cha kupigania. Alikata roho asubuhi ya siku ya pili. Bintiye alifika saa nane mchana.

"Alikuwa na nini, mama? Si ulisema amenenepa?"

Angeweza kusema ni mapafu. Hata daktari ndivyo alivyoandika. "Nilimlisha uji, mwanangu," alisema. "Uji na biskuti, miezi mitatu. Ni mimi."

Bintiye alimtazama, akainama, akaanza kukunja nguo za mtoto. Laiti angepiga kelele.

Miaka mitatu imepita. Mama Mizani bado anapima watoto, ila mdomo umepoa, na akina mama wapya hawajui kwamba aliwahi kuchekesha. Bintiye amejaliwa mtoto mwingine, wa kike. Kliniki humpeleka nyingine, ya mbali. Jumapili huja kusalimia. Shikamoo ipo, matunda ya zawadi yapo, na chakula cha mtoto huja nacho kwenye bakuli lenye kifuniko.

Jumapili iliyopita mtoto alianza kulia njaa, mama yake akiwa anaosha mikono. Mama Mizani akafunua bakuli. Maharage yaliyopondwa, mboga ya majani, yai. Kila kitu kama kinavyotakiwa. Akachota kijiko, akakipuliza kipoe, na mtoto tayari amefungua kinywa.

"Acha tu, mama," bintiye alisema kutoka mlangoni, kwa upole, kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni. "Usijisumbue. Nitamlisha mwenyewe."

Bibi akampa kijiko, akasogea mwisho wa kochi kuwapisha.