Mlima Ulikuwa Kushoto

Siku hizi mnasema uhakiki. Sisi wakati wa Mdachi tulisema kupima shairi, na mpimaji hodari pale Arusha nilikuwa mimi. Sijisifu. Nasema kwa sababu balaa lilianzia hapo. Nilitoka Tanga na kanzu zangu mbili na kalamu yangu, nikaletwa bara kuwa mwalimu wa pili katika shule ndogo ya karibu na boma, na kiburi cha pwani kilikuwa kimenijaa hadi kooni. Watu wa huku niliwaona hawajui kitu. Mungu anisamehe.

Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, na hakuna mtoto hata mmoja. Walikuwa watu wazima, Waarusha na Wameru wengi wao, wengine wana wake na ng'ombe nyumbani, waliotakiwa kuwa makarani. Bwana wa boma alitaka karani anayeweza kusoma barua ya akida na kumwambia mwandishi anaficha nini. Tukamwambia hakuna shule ya jambo hilo kama shairi, maana mshairi naye huficha. Akakubali. Basi kila asubuhi tulinakili ubeti kwenye vibao, tukahesabu mizani, tukaeleza maana kwa maneno yetu, kisha kila mtu akaandika hukumu yake: mshairi amepatia wapi, amekosea wapi, na ushahidi uko mstari gani. Asiye na ushahidi nilimsimamisha juani.

Mwalimu wa kwanza alikuwa mtu wa Pangani, mpole, mshairi kweli kweli. Yeye hakumsimamisha mtu juani. Masika yalipoanza Bwana wa boma alimtuma Momela, nyuma ya mlima, akaandike habari za mashamba ya huko. Homa ikamshika kando ya ziwa, siku ya sita akafa. Wapagazi aliofuatana nao wakamzika huko huko, wakarudi na sanduku lake. Ndani mlikuwa na nguo, tasbihi na daftari la mashairi. Mkewe hakujua kusoma, nami ndiye niliyekuwa mwenzake kazini, basi daftari nikapewa mimi juma lile lile.

Nililisoma lote kwa mkao mmoja, kalamu mkononi, kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi. Siku ya pili nikaenda kumpa mjane mkono wa tanzia. Alikuwa amekaa eda katika chumba chao, mtaa wa Waswahili, na tulizungumza yeye yuko nyuma ya pazia. Sikumwona hata kidole. Aliniuliza jambo moja tu: je, katika daftari lile mna neno lake? Mumewe, alisema, si mtu wa kufa kimya.

"Shemeji, hamna wasia," nikamwambia. "Ni mashairi tu."

Kisha akasema kwamba kila akisinzia, hata mchana, humwona mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda amempa mgongo. Humwita, naye hageuki. Shingo humtetema kama mtu anayejitahidi kugeuka akashindwa. Akasema eda ikiisha ndugu zake watakuja kumchukua wampeleke Pangani, lakini yeye hataondoka mumewe akiwa amemnunia. Atabaki hapo mpaka amwone uso. Nikamwambia ni ndoto za majonzi, zitapita. Nikanywa kahawa yake nikaenda zangu.

Sasa lisikieni shairi lenyewe. Lilikuwa la mwisho katika daftari, ubeti mmoja, mwandiko umeyumba:

Nisimamapo kusali, mlima u kushotoni,
Wa theluji nao mbali, kuume kwangu angani,
Nilalapo sibadili, niwe vivyo kitandani,
Nigeuzeni usoni, nisije wapa mgongo.

Nilipolisoma mara ile ya kwanza nikasema hili ni shairi la mapenzi. Mna kitanda, mna mgongo. Mume yuko safarini, anamtamani mkewe. Na lina kosa. Pale mjini mlima wa Meru uko kaskazini, umetuinamia utosini, na kibla yetu ni kaskazini vile vile. Tukisimama kusali, mlima uko mbele ya uso. Hata kuku wa mjini anajua. Kushoto umefikaje? Nikachukua wino mwekundu, nikaandika pembeni: kosa. Nilifurahi, sifichi. Kumkamata fundi kwa kosa ni raha ya pekee, na mtu yule alikuwa akipendwa kuliko mimi.

Nikalifanya somo. Miezi minne nilikuwa nikilirudia shairi lile ubaoni kila nilipotaka kuwaonyesha mshairi anavyoweza kuharibu kazi yake kwa kutotazama mbele yake. Kumi na mmoja wale waliimba pamoja nami: mstari wa kwanza, kosa.

Kiti kikaanza siku ya pili ya somo hilo. Kilikuwa kiti cha marehemu, cha mninga, kizito, chenye mikono, nami nilikirithi. Nilikiweka kama alivyokiweka yeye, kikiwatazama wanafunzi, mgongo wake kwenye dirisha la mlimani. Asubuhi nikafungua mlango nikakikuta kimegeuka, kimetazama dirisha, kimeyapa madawati mgongo. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao hulala kiunoni mwangu. Nikajua ni utani wa wanafunzi. Nikakirudisha. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Nikawasimamisha juani wote kumi na mmoja mpaka adhuhuri, wakasimama bila kunung'unika, na jambo hilo likanikasirisha zaidi.

Halafu siku moja, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nilikiweka kiti sawa mbele ya macho yao, nikaugeukia ubao nikaandika mistari minne. Sikusikia mguu wala mti kukwaruza sakafu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kimetazama dirisha. Wanafunzi wote walikuwa wameinamisha vichwa kwenye vibao vyao, na hakuna aliyekuwa akiandika. Niliogopa, basi, nikafanya kama sikuona, nikaendelea kufundisha nimesimama.

Miongoni mwao alikuwapo Mmeru mmoja wa makamo, mzito wa kuandika, ambaye miezi yote ile hakuwa amejibu swali ila akiulizwa. Kiswahili kwake kilikuwa cha kujifunza, alikisema polepole kama anayechagua maharagwe. Nilimdharau. Zilipobaki siku chache eda ya shemeji yangu iishe, Bwana wa boma akatuma habari kwamba atakuja kutazama kazi, nikawaambia waandike hukumu ya shairi lile kwa mara ya mwisho, kila mtu peke yake. Vibao kumi viliandika kosa. Cha Mmeru kiliandika: hakuna kosa.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia atoe ushahidi au atoke juani. Akasimama, akakunja mikono kwa heshima.

"Mwalimu, wewe unampima kama alisimama hapa. Yeye alisimama kwetu."

Akaeleza. Kwao ni Momela. Huko mlima wa Meru hauko kaskazini. Uko machweo, na ule wenye theluji uko upande wa macheo. Mtu akisimama kando ya maziwa yale akaelekea tunakoelekea sisi tukisali, Meru utakuwa mkono wake wa kushoto na theluji mkono wa kulia. Mshairi ameandika alichokiona. Yeye akawa bado amesimama, amekitazama kibao chake.

"Na kitanda, Mwalimu," akasema. "Mgonjwa porini ana kitanda gani?"

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Nililisoma tena shairi pale pale ubaoni, na kila neno likahama mahali pake. Nilalapo sibadili. Niwe vivyo. Mtu huyu hakuwa akimtamani mke. Alikuwa anajua anakufa, anajua wanaomzika ni kina nani, na alikuwa anawaomba wamlaze na uso wake kwenye kibla, asikosewe.

Nikawaacha wanafunzi, nikamtafuta mkuu wa wapagazi wale, nikamkuta sokoni. Walikuwa Waislamu wa juzi juzi, watu wema, waliosilimu hapa hapa mjini. Nikamuuliza walimlaza mwalimu akielekea wapi. Akajibu kwa fahari kwamba walifanya kila kitu sawasawa: walimwosha, wakamkafini, wakamwelekeza mlimani.

"Si ndiko tunakosali, Mwalimu?"

Ewe Mola. Kibla waliyoijua ni mlima. Mjini ulikuwa mbele yao kila siku mara tano, na walipofika upande wa pili waliufuata mlima, wakamlaza mwenzao akitazama machweo. Niliporudi shuleni wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Kiti kilikuwa kimetazama dirishani. Kilikuwa kimeelekea kibla, barabara, kama mtu aliyesimama safuni. Miezi minne kilikuwa kikinionyesha, nami nikawaadhibu watu.

Eda ilipokwisha nilimwendea shemeji yangu kwenye kizingiti. Akatoka. Ndipo nilipomwona uso, mara ya kwanza. Nikamwambia nusu ya ukweli: kwamba shairi moja lina neno la kaburi, na kwamba kaburi huenda limekosewa. Hakulia. Akaenda kuchukua buibui lake.

Tulikwenda wanne: yeye, mzee wetu mwalimu wa Kurani, Mmeru akituongoza, na mimi. Tulilala Maji ya Chai, kwa jamaa wa mzee, karibu na mto ule ambao maji yake ni mekundu kama chai ya rangi, na kesho yake tukapanda msituni. Tulipotokea Momela jua lilikuwa juu lakini halina joto. Maziwa yalikuwa yamelala kimya. Maji yale yana magadi, ng'ombe hawayanywi, na ndege wekundu walisimama ndani yake mamia kwa mamia bila kutoa sauti. Mmeru akanyoosha mkono: Meru ule, kushoto. Kulia, mbali, theluji. Nilikuwa nimesimama ndani ya ubeti niliouandikia kosa.

Kaburi lilikuwa juu ya ziwa, limepangwa mawe kwa uangalifu. Mzee akaelekea kibla ili asome dua. Kaburi lililolazwa sawa lingekaa mbele yake kwa upana, kama mkeka. Lile lilinyooka kutoka miguuni mwake likaenda zake kama njia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee akatazama, akauliza ni siku ngapi. Tukamwambia. Akasema kama tungefika siku zile za mwanzo, mwili haujabadilika, tungemfukua tukamgeuza, na ingekuwa wajibu wetu. Sasa haifai tena kumvunjia heshima yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Tumwombee, Mungu anajua alikotaka kuelekea.

Shemeji yangu alikaa chini kando ya mawe. Akaniomba nimsomee lile shairi. Nikasimama nikasoma, mlima ukiwa kushoto kwangu. Nilipomaliza akanyoosha mkono akachukua daftari. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. Akaweka kidole kwenye wino mwekundu.

"Hili ni neno gani? Mume wangu hakuwa na wino huu."

"Ni neno kosa."

"Kaandika nani?"

"Mimi."

"Lini?"

Ningeweza kusema uongo. Mzee alikuwa ananitazama, na Mmeru alikuwa ametazama ziwani.

"Juma lile lile. Kabla sijaja kukupa pole."

Nilingoja anitukane. Wallahi nilitamani anitukane. Yeye alilifunga daftari, akalisokomeza ndani ya buibui, akainuka, akanigeuzia mgongo. Njia nzima ya kurudi, siku mbili, alitembea mbele yangu, na kila nilipojaribu kumfikia aliongeza mwendo kidogo, hata mara moja hakutazama nyuma. Ndugu zake walipokuja, akaondoka nao kwenda Pangani bila kuniaga. Kama mumewe aligeuka au hakugeuka, hakuniambia, na nani angemuuliza?

Kiti hakikugeuka tena. Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, na kila darasa jipya nililianza kwa swali la yule Mmeru: kabla hamjasema mshairi amekosea, niambieni alikuwa amesimama wapi. Wakanisifu kwa swali hilo. Sikuwaambia nililipataje.

Sasa mimi ni mzee, na mchana nikisinzia barazani huwa namwona mtu amekaa ukingoni mwa kitanda changu. Uso wake nimeusahau, maana niliuona kwa siku chache tu. Lakini mgongo ule naujua. Humwita shemeji, shemeji, nikamwambia nimekosa, naye hageuki.