Mwalimu Aliyeingia Mjini Kwangu kwa Simu

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, nawe unayekwenda kusomea ualimu ni vyema uijue. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko. Hapa kijijini Gendabi simu yangu ya tachi ikageuka darasa. Wajukuu zangu na watoto wa jirani yangu mfugaji walibanana kwenye benchi, nami nimekaa pembeni. Aliyefundisha, akiwa mbali upande wa pili wa simu, ni Paskalina, mwanachuo aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi wake naye alikuwa hewani, anasikiliza ampe alama. Akifeli, anarudia mwaka.

Akaeleza hesabu vizuri, akauliza swali. Kimya. Akarudia. Kimya.

Mkufunzi akakohoa. "Mwalimu, darasa limelala?"

Halikulala. Watoto walikuwa wananitazama mimi. Kwetu mtoto hamjibu mgeni ambaye hajamwamkia mwenye mji, yaani mwenye boma, na binti yule alipitiliza moja kwa moja kwenye hesabu. Nami nilikuwa nimenuna, sikufichi. Ujanani mwangu mwalimu alikuja kwa miguu kutoka Masakta, akamwamkia baba, akanywa maziwa, ndipo akataja shule. Baba alilainika, ng'ombe wakapata mchungaji mwingine, nami nikasoma.

Mwingine angesingizia mtandao na kukata simu. Paskalina hakukata.

"Samahani mkufunzi, nasimamisha somo. Nimeingia mji wa watu bila hodi. Watoto, simu hiyo ni ya nani?"

"Ya babu!"

"Shikamoo babu. Naitwa Paskalina, binti wa kutoka Getanuwas. Naomba ruhusa niwafundishe wajukuu zako."

Mwanangu, nilimpenda binti yule palepale.

"Marahaba, mwalimu. Fundisha. Nanyi watoto, mkiulizwa jibuni!"

Walijibu kwa kelele mpaka mbuzi wakakurupuka. Somo likiwa limekolea, mkufunzi akasema muda umekwisha.

"Mkufunzi," nikasema, "bando ni langu na bado lipo. Mwache amalize."

Akacheka, akamwacha. Paskalina alimaliza, akafaulu.

Basi shika hili. Wahenga walisema heshima si utumwa, na kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ukikosea mbele ya anayekupima, usijifiche. Simama, omba radhi, uendelee. Na kila darasa, hata la kwenye simu, limo ndani ya mji wa mtu. Mwamkie.

Mungu akutangulie, mwanangu. Kila mlango utakaobisha, aitikie mtu mwenye moyo mweupe.