Blanketi la Tate na Valizi Iliyobaki Mudzipela

Blanketi hili likiwa kavu halina neno. Linakaa kitandani miaka nenda miaka rudi, wala hulisikii. Likilowa ndipo linapotoa harufu yake: moshi wa makaa, naftalini, na kitu kingine ambacho sikijui jina, labda jasho la watu waliolala wengi mahali padogo. Juzi binti yangu alijikwaa akamwaga beseni zima la maji juu yake, harufu ikajaa chumbani, nami nikaketi ukingoni mwa kitanda nikiwa bado na kanga ya jikoni kiunoni. Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi. Sikuwa na nguvu hata ya kumgombeza.

Nyinyi mnaonisoma mnivumilie. Mambo ya vita vya Ituri, huku kwetu Kongo, nimeyachoka kuyasimulia, na wenzangu wa Bunia wameyachoka kuyasikia. Ninayotaka kuwaambia ni ya blanketi tu.

Alilishona Tate, ndivyo tulivyomwita bibi yangu, mama wa mama yangu. Tuliishi watatu katika mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia: Tate, mama na mimi. Baba alikuwa amefuata dhahabu huko machimboni kabla sijaota meno, na dhahabu ikamweka. Tate aliuza chumvi na vitunguu mbele ya mlango, ila kushona ndiko kulikokuwa raha yake. Hakuwa na mashini. Alikuwa na sindano zake, alizichomeka kwenye kitambaa cha kichwani, na ole wako umkumbatie bila kutazama. Alikusanya vipande vya vikwembe, vile vitenge vyetu vya kujifunga kiunoni, kwa mafundi na kwa majirani, akaviunga kimoja kimoja, akatandika matambara katikati ili pawe pazito, na chini akaweka shuka kuukuu. Blanketi lake hakumuuzia mtu. Ukimwambia auze alikutazama kama umemwambia auze meno yake.

Alikuwa na sharti moja, na mtaa mzima ulilijua. Kikwembe kizima cha mtu aliye hai hakikatwi. Ukiwa hai, alipokea kwako kilichochakaa chenyewe, pindo au mkono wa blauzi. Lakini ukifa, matanga yakiisha na wanawake wakigawana nguo zako, kila mmoja alimletea Tate kona ya kile alichogawiwa. Kwa hiyo vipande vizuri, vyenye rangi bado kali, vilikuwa vya marehemu. Nilivifahamu kwa vidole. Hiki cha kuku na vifaranga kilikuwa cha Mama Furaha, aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Hiki cha zambarau cha mwanamke aliyetoka Boga kuja kuolewa, akachukia baridi ya Bunia mpaka kufa kwake. Kile cha taa za njano kilikuwa cha jirani mmoja ambaye, vita vilipoanza, watu waligundua ghafla kwamba alikuwa wa kabila lile jingine. Alikuwa amekufa kwa uzazi zamani, hana habari.

Siku moja Mama Dorika, rafiki wa mama yangu, alilitazama blanketi lile lililokuwa limeanikwa, akaweka kidole kwenye taa za njano, akitaka kipande kile kiondolewe.

"Tate, utoshe iyo kipande. Siye hatuwezi kulala na bale batu."

Tate hakuinua uso. "Nikitosha yake, ya mama yako itashikwa na nini? Iko pembeni yake."

Mama Dorika akaenda zake akinung'unika. Kipande kikabaki.

Sasa niwaambie kuhusu kikwembe cha mama. Mjomba wangu alipooa, wanawake wa familia walivaa kitambaa kimoja, kama ilivyo desturi kwetu: cha buluu, chenye majani ya njano. Mama alikuwa nacho na Tate alikuwa nacho, vilevile, kama pacha. Asubuhi ya harusi mama alikuwa anapiga pasi ya makaa huku anaimba, akajisahau, akakiunguza. Alama ilibaki, ya kahawia, upana wa kiganja cha mtoto. Alilia kidogo, akacheka, kisha akakifunga kiunoni kwa ujanja hivi kwamba alama ikajificha ndani ya mkunjo. Alicheza siku nzima ameshika mkunjo ule. Mimi peke yangu nilijua anashika nini, na nilijiona mtu mkubwa kwa kutunza siri ile.

Baada ya harusi vikwembe vile vilirudi kwenye valizi, sanduku letu la bati lililokuwa chini ya kitanda, pamoja na naftalini, cha mama juu na cha Tate chini yake. Mama hakuvaa chake tena. Alikuwa mchuuzi, mtu wa kupanda lori kwenda Bule kununua maharagwe na viazi, na safari za lori hazitaki buluu. Alikwenda Bule mara nyingi, akarudi mara nyingi. Halafu akaenda mara moja, na nyuma yake barabara ikafungwa.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Watu wazima walisema barabara itafunguka. Watoto wenzangu walisema mengine. Mimi sikuwauliza wote hao, nilikuwa na njia yangu. Nilijua sharti la Tate. Mama akiwa amekufa, Tate atakikata kikwembe chake, na kama hajakikata, basi mama yuko hai, amekwama tu mahali, anakula viazi vya watu. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda kuchota maji niliingia chini ya kitanda, nikainua kifuniko cha valizi, nikagusa buluu. Tate alinikataza kukunjua, alisema nitakitia vumbi. Nilitosheka na ukingo.

"Kikwembe ya mama iko?" nilimuuliza nikitoka, ingawa nilikuwa nimetoka kukigusa.

"Iko."

"Haujaikata?"

"Kwenda kuchota mayi, weye."

Hayo ndiyo yalikuwa maombi yetu ya asubuhi.

Siku moja adhuhuri Mama Dorika alikuja tena. Safari hii hakuwa na neno juu ya vipande. Alikuwa amevaa kandambili zisizofanana, na miguu yake ilikuwa nyekundu kwa udongo mpaka magotini. Walikaa na Tate nyuma ya jiko, wakazungumza kwa sauti ya chini. Niliona Mama Dorika ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alipoondoka, Tate aliingia ndani, akauliza kama chumvi imefunikwa, maana mvua inakuja. Mbingu ilikuwa kavu kabisa.

Siku ile ile Tate alilishusha blanketi, akaanza kulifumua upande mmoja. Nilishangaa, kwa sababu lilikuwa limekwisha na lilikuwa zuri.

"Iko nini, Tate?"

"Kunguni. Zimeingia katikati."

Akanituma maji, ingawa pipa lilikuwa limejaa. Nilikwenda, nikarudi, na yeye alikuwa amelipakata blanketi mapajani, amelikunja, anashona kurudisha alipofumua. Macho yake siku hizo yalikuwa mabaya, na siku ile yalikuwa mabaya zaidi, mekundu, yanachuruzika. Alisema ni moshi. Hakuweza kutunga uzi hata mara moja. Basi nilikaa mbele yake nikamtungia sindano, moja baada ya nyingine, nikilamba ncha ya uzi kama alivyonifundisha. Nilijivunia macho yangu. Nilimtania kwamba amezeeka, nitamtafutia miwani ya muzungu. Hakucheka, na mimi nikaona amekasirishwa na kunguni.

Kesho yake nikaingia chini ya kitanda. Buluu ilikuwepo. Nikafurahi siku nzima.

Kisha mapigano yakafika kwetu. Msiniulize ni kina nani walikuwa wakipigana na nani wiki ile. Majina yalibadilika upesi kuliko bei ya sabuni, nasi tulikimbia wote vilevile. Tulitoka na sufuria na kifuko cha unga. Tulikuwa tumefika kwenye mfereji wa barabarani Tate aliposimama, akaniambia nilale chini nisiinuke, akageuka akarudi nyumbani. Mwanamke yule ambaye magoti yake yalikuwa yakilia alipochuchumaa kupepeta mchele, nilimwona anakimbia. Nikajua anakwenda kuleta valizi. Risasi zilikuwa zinapita juu yetu, na mimi niliomba Mungu, si kwa ajili ya Tate, bali kwa ajili ya valizi.

Akarudi na blanketi.

"Na valizi?" nikamuuliza.

"Nimeacha."

"Kikwembe ya mama iko mule! Tate, rudiya!"

"Inuka, tuende."

"Bulangeti ni ya nini? Rudiya!"

Alinishika mkono akanikokota. Nilimpiga ngumi za kitoto mgongoni njia nzima mpaka tulipofika kambini karibu na uwanja wa ndege, na yeye hakunikataza. Tulikaa chini ya turubai muda mrefu. Asubuhi baridi ilipanda kutoka ardhini, na Tate alinifunika blanketi lile, akaliingiza chini ya miguu yangu, yeye akibaki na kipande cha pembeni. Nililala chini yake nikiwa namchukia. Nilimchukia kwa muda mrefu, niseme wazi. Kwangu mimi alikuwa ameingia katika nyumba ile, akaipita valizi yenye uhai wa mama yangu, akachukua kitu cha kujikinga na baridi.

Tuliporudi, mabati yalikuwa yameng'olewa na valizi haikuwepo. Utulivu uliporudi kidogo, Tate aliniketisha akaniambia kwamba mama alifia Bule, na kwamba alijua tangu adhuhuri ile ya Mama Dorika. Tulifanya matanga bila maiti na bila nguo za kugawana. Wanawake walikuja, wakakaa chini, wakaangalia mikono yao mitupu. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Alisema wakati ule hapakuwa na pa kulilia. Ukilia kwa sauti watu wanajua unamlilia nani, na wakijua wanakuja. Halafu akasema amechoka, akalala. Tangu hapo hakushona tena.

Amekufa miaka mingi sasa. Nguo zake tulizigawana kama inavyotakiwa, na mimi nilipewa blanketi.

Juzi, basi, likiwa limelowa, nililikamua nikaona katikati hapakauki. Nikachukua wembe nikafumua upande mmoja, ule ambao mshono wake ulikuwa umepinda. Kati ya matambara palikuwa na kitambaa kimetandazwa, kizima, hakijaguswa na mkasi, kutoka pembe hadi pembe. Cha buluu, chenye majani ya njano. Nilikivuta polepole. Karibu na pindo palikuwa na alama ya kahawia, na sasa kiganja changu kinaifunika yote na kubakiza.

Kilichobaki ndani ya valizi kilikuwa cha Tate mwenyewe. Alikiacha pale nikiguse asubuhi.

Nimekaa na jambo hili tangu juzi. Hakuweza kukikata, kwa sababu hapakuwa na matanga, na hakuweza kukiacha kwenye valizi, kizima kama cha mtu aliye hai. Akakificha mahali pekee alipoweza kunilaza chini yake. Alikimbia kwenye risasi kwenda kumchukua mwanawe, na mimi nikampiga ngumi. Tena uzi ule nilimtungia mimi.

Leo jua limetoka, kimekauka. Nimekirudisha mahali pake, kizima, nikaanza kushona. Macho yangu nayo siku hizi si ya kutegemewa. Nikamwita binti yangu anitungie sindano. Alilamba uzi, akautia mara moja, akajisifu. Kisha akachungulia kwenye mshono.

"Mama, mule ndani iko nini?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia kunguni. Nikamwambia akae chini, nikamshika kidole, nikamwekea juu ya alama ya pasi.