Kipande cha Shafti Kilichobaki Ndani ya Difu

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Kiirua kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kushika spana. Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu akawa anauburuta, maneno yakawa yanamtoka moja moja. Miezi mitano baadaye, pikapu yetu kuukuu ilivunjika shafti ya nyuma, chuma kirefu kinachozungusha gurudumu, na aliyekuwa akiendesha ni mimi.

Tulikuwa tunatoka Meru kwenye mazoezi yake ya viungo. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye njia ya kuingia kwetu gurudumu la kushoto likazama matopeni. Gari lile lina difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ya aina ya kufunga: ukivuta kishikio, magurudumu mawili ya nyuma yanalazimika kuzunguka pamoja. Nikavuta, nikakanyaga mafuta. Gurudumu la kulia lilikuwa limekaa juu ya mwamba, likabeba mzigo wote peke yake. Ukasikika mlio mmoja mkavu.

"Shafti," mume wangu akasema.

Jirani alituvuta kwa trekta hadi nyumbani. Asubuhi nikasema nitamwita fundi mmoja aliyejifunzia kazi kwake. Akatikisa kichwa.

"Basi mwingine," nikasema.

"Wewe."

Nilidhani amekosea neno, kwa maana siku hizo alikuwa akiyakosea mara nyingi. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono wa kushoto kuelekea sanduku la spana. Shule zilikuwa zimefungwa, sikuwa na kisingizio.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya gari, amevaa kofia ya sufu kwa sababu ya upepo wa mlimani. Nilikwenda polepole kwa sababu naye alisema polepole. Niliinua nyuma kwa jeki, nikaegemeza gari juu ya magogo. Nikafungua bolti za gurudumu la kulia, nikavuta shafti. Ilitoka kirahisi, fupi kuliko inavyotakiwa. Mwisho wake ulikuwa umekatika kwa kujipinda. Kipande kilichosalia kilikuwa ndani kabisa, kimeng'ang'ania meno ya difu.

"Nikisukume kutoka upande ule mwingine?" nikauliza.

"Hapana. Katikati... kuna chuma. Kimeziba."

Nilijaribu sumaku iliyofungwa kwenye ufito. Ilikigusa kipande, ikateleza. Nikajaribu tena na tena, mpaka nikaitupa chini. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimemtolea tangu augue, kwamba hii si kazi yangu. Alisubiri nimalize.

"Bomba," akasema. "La maji. Likate mdomo."

Nyuma ya tangi la maji la nyumbani kulikuwa na kipande cha bomba la chuma. Nilikipasua mdomo mara nne kwa msumeno, nikakiingiza ndani, nikakigonga kwa nyundo mpaka kikabana ncha ya shafti iliyochomoza. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hakuna kilichosogea.

"Usivute kwa hasira, Mwalimu. Difu imejikaza. Ngoja."

Akainuka. Sikumsaidia, sijui kwa nini. Alizunguka gari akilishikilia ubavuni hadi kwenye gurudumu la kushoto, lililokuwa likining'inia. Akaweka kiganja cha mkono wake mzima juu ya tairi, akalirudisha nyuma kidogo, kisha mbele, kisha nyuma.

"Sasa."

Nikahisi bomba likilegea mikononi mwangu. Nilivuta, nikaanguka chali, kipande kikiwa kifuani na oili nyeusi yenye harufu ya yai viza ikinimwagikia blauzi. Upande wa pili alikuwa akicheka. Kicheko chake kilikuwa kimepinda kama mdomo wake, na sikuwa nimekisikia kwa miezi mitano.

Hakuniruhusu kusherehekea. Aliviunganisha vile vipande viwili mapajani, akavichunguza, akanionyesha pengo la ukubwa wa punje ya mahindi. Kibanzi kilichokosekana kilikuwa bado ndani na kingeyasaga meno ya gia, kwa hiyo nilimwaga oili yote ya difu kwenye karai, nikaichuja kwa kitambaa, kisha nikapekua ndani kwa sumaku hadi jua lilipofika utosini. Kibanzi kile kilipatikana. Mume wangu akaingia nyumbani, akalala na viatu.

Shafti nyingine ilitoka Embu, kwenye gari lililochinjwa kwa ajili ya vipuri, na niliifunga mimi. Jumanne tulichelewa mazoezi. Alinisimamisha mara mbili njiani, akateremsha kioo, akaniambia niendeshe taratibu ili asikilize kama difu inalia huko nyuma.