Skafu ya Fundi Mapangaboi

Gururu, kisha kimya, kisha gururu tena. Ni sauti ya donge la sufu likizunguka ndani ya kopo la maziwa ya unga, na katika sauti zote za ndoa yake, hiyo ndiyo iliyobaki masikioni mwa Bi Zuleikha.

Kopo lile alilitengeneza mumewe, Abdulrazak. Aliutoboa mfuniko kwa msumari, akaipitisha ncha ya uzi tunduni, akamwambia, "Haya, sasa donge lako likitaka kukimbia, likimbilie humo humo." Kabla ya hapo donge lilikuwa na tabia ya kumponyoka mapajani na kushuka ngazi za nyumba yao ya Kiponda, daraja baada ya daraja, mpaka mlangoni mwa wapangaji wa chini. Naye hulifuata, huku anacheka peke yake.

Alizaliwa Kidichi, kwenye mashamba ya viungo, na vidole vyake vilijifunza kuchambua karafuu kabla ya kujifunza kushika kalamu. Alipoolewa mjini, vidole vile vilikosa kazi. Vikahangaika. Alivituliza kwa kufuma. Sufu aliipata Darajani, kwenye marundo ya mitumba, maana masweta mazito ya nchi za theluji hayana mtu wa kuyavaa Unguja, na wachuuzi hushukuru anapotokea wa kuyaondoa. Huyafumua nyumbani. Abdulrazak huketi mbele yake, mikono ameinyoosha kama anayepokea dua, na yeye humzungushia uzi viganjani, sweta likipungua upande mmoja na mumewe akijaa rangi upande wa pili.

Mungu hakuwajaalia mtoto. Nyumba ilijaa mapangaboi. Abdulrazak alikuwa fundi wa mapangaboi, na ukumbini hapakosi matatu au manne yaliyolazwa chali, mabawa yametawanyika, yanangoja kupona. Alikuwa mtu wa kupoza mji mzima, lakini mwenyewe hakuna aliyemshinda kwa kuona baridi. Kipupwe kikiingia, pepo za kusini zikianza kupuliza vichochoroni, alitoka kwenda kusali alfajiri taulo shingoni. Wenzake msikitini wakimtania: "Fundi, umetoka kuoga au unakwenda?"

Taulo lile ndilo lililomuudhi Bi Zuleikha. Akaamua kumfumia skafu.

Mtindo alioneshwa kwenye simu na binti wa Nassra, jirani yake, na ulimwingia moyoni siku hiyo hiyo. Unaanza na safu ya vitanzi juu ya sindano. Kila ukirudi, unavishika vitanzi vya katikati na kuvifanya kimoja, na kitambaa kinapinda pale pale mfano wa kiwiko. Vitanzi vinapungua, vinapungua, mpaka kinabaki kimoja tu. Hapo ukikisimamisha kipande chako kwa ncha, unaona uru, ile ile ya karata. Lakini hukati uzi. Kitanzi kile kimoja kilichobaki ndicho kinachoanzisha kipande kingine, na vilivyobaki unavichota ubavuni mwa kipande cha zamani. Kwa hiyo hakuna mshono. Kila kimoja kimezaliwa na mwenzake, kimeegemea bega lake.

"Na mwisho wake?" aliuliza Abdulrazak, akikipindua kipande cha kwanza, chekundu, chini ya taa.

"Mwisho wake ukichoka."

"Basi weye huna mwisho," alisema, na akarudi kwenye pangaboi lake.

Skafu ilikua polepole, nyekundu, kisha buluu, kisha ile rangi ya binzari aliyoipenda mumewe. Mara nyingi aliichukua ikiwa na sindano zake, akaizungusha shingoni, akatembea nayo ukumbini kama bwana harusi. Ilikuwa bado fupi. Haikuwahi kuwa ndefu. Siku moja, masika hayajaingia, alijilaza baada ya chakula cha mchana, na adhana ya alasiri ikapita bila ya yeye kuamka.

Mjane hukaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, bila ya wanja wala udi wala hina. Bi Zuleikha alikaa. Watu walikuja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Baada ya hitima akaja wifi yake, Bi Ummkulthum wa Mpendae, dada mkubwa wa marehemu, na kapu mkononi.

Bi Ummkulthum ni mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache yaliyonyooka. Hakuwahi kuchelewa mazishini, na hakuna aliyewahi kumwona analia. Walikuwa wameshakubaliana, yeye na wifi yake, kuwa nguo za marehemu zitolewe sadaka. Ndiyo ada ya ukoo wao: mtu akifa, nguo zake hazilali kabatini, hutolewa zikawavishe masikini, na thawabu zimfuate mwenyewe. Basi zikatoka kanzu, zikatoka kofia na makubadhi. Likatoka hata taulo. Bi Ummkulthum alizikunja bila ya kuzitazama, haraka haraka, kama mtu anayeokota nguo zilizoanikwa wingu likiwa limekaribia. Kisha akaiona skafu juu ya kiti.

"Na hii?"

"Hiyo haijakwisha," alisema Bi Zuleikha.

"Ilikuwa ya nani?"

"Yake. Lakini haijakwisha, wifi. Kitu kisichokwisha si nguo bado. Tazama, sindano imo."

Bi Ummkulthum aliifikiria kesi ile kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu. "Kweli," alisema. "Basi ikisha, itoke."

"Ikisha."

"Usimcheleweshee thawabu zake, Zuleikha."

Akashuka ngazi na kapu lake. Na Bi Zuleikha, aliyekuwa hajamwambia wifi yake uongo tangu amjue, alikaa kwenye kiti, skafu mapajani, akaelewa kuwa sasa analo jambo moja tu la kufanya duniani. Isikwishe.

Rangi hakuweza kuzishika tena. Alimwomba Nassra amtafutie sweta jeupe Darajani, na Nassra alileta moja kubwa lenye vifungo vya mbao. Bi Zuleikha alilifumua mwenyewe, akizungushia uzi kwenye miguu ya kiti kwa kuwa mikono ya kuzungushia haikuwepo. Kisha akachota vitanzi vyeupe ubavuni mwa ile rangi ya binzari, akaendelea.

Masika yakaingia. Mvua ilipiga mabati, ikatiririka kwenye mabomba ya kuta za zamani, ikaingia mpaka katika usingizi wa mchana. Siku za eda hazina kona, hujui umetoka wapi na unakwenda wapi. Kipande kikifika kitanzi kimoja, huo ndio ulikuwa wakati wa hatari: angeweza kuupitisha uzi, kukaza, kumaliza. Akakitazama kitanzi kile. Akachota vingine. Mara nyingine alisinzia katikati ya mstari, na usingizini aliiona skafu ikimtoka mapajani na kushuka ngazi yenyewe, nyeupe, ikipita mlango bila ya kuufungua, ikifuata kichochoro cha Kiponda, ikivuka soko, ikishika njia ya Kidichi. Mvua haikuilowesha. Na kule mwisho wake, kati ya mikarafuu ya baba yake, aliketi Abdulrazak mikono ameinyoosha, anaizungusha viganjani kidogo kidogo, hana haraka. Akizinduka, vidole vyake vilikuwa vimeshafuma nusu ya mstari, na hakuna kitanzi kilichoanguka.

Nassra alikuja kila alasiri na birika la chai ya tangawizi. Skafu ilikuwa imeshajikunja chini mara kadhaa, mfano wa paka mnene.

"Shoga," alisema, "hii ya kuvaa mtu, au ya kuuvisha mnara wa Msikiti wa Malindi?"

"Mnara nao una shingo."

"Aka! Na bahari nayo ina mgongo, utaifumia shuka?" Alimimina chai. "Bi Ummkulthum kaniuliza juzi. 'Ile skafu ishakwisha?' Nikamwambia, inakaribia. Sasa miye nshasema uongo kwa ajili yako mpaka ulimi unaniwasha."

"Kasemaje?"

"Hakusema. Alikaa pale kizingitini kwangu, akaniomba maji, akanywa, akakaa tena. Nikadhani ana homa." Nassra alipuliza chai yake. "Shoga, eda inakwisha. Utamwambiaje?"

Bi Zuleikha aligeuza sindano, akaanza mstari mwingine. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu na wifi yake kama mtoto anavyomhofia mwalimu. Kila kishindo cha kiatu kwenye ngazi aliisukuma skafu nyuma ya mto. Akilini alimwona akija na kapu lile, anaikunja bila ya kuitazama, na kesho yake skafu imeshafika shingoni mwa mtu asiyejua kuwa hapa kwenye buluu Abdulrazak alicheka, na hapa kwenye nyekundu walikosana juu ya chumvi. Mtu yule atapata joto. Yeye atabaki na kopo.

Eda ikaisha kipupwe kimeshaingia. Asubuhi Nassra alimwogesha, akamvika dera jipya, akachoma udi mpaka chumba kikawa ukungu. Wanawake walikaa ukumbini wakisubiri kumtoa nje. Na Bi Ummkulthum akapanda ngazi.

Hakuwa na kapu. Mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua pa kuiweka.

"Shikamoo, wifi," alisema Bi Zuleikha.

"Marahaba. Umekaa eda yako vyema." Macho yake yalikuwa yameshaifikia skafu, maana leo Bi Zuleikha hakuwahi kuificha. "Haijakwisha hiyo?"

"Bado."

"Niione."

Bi Zuleikha aliitoa kwa mikono miwili. Bi Ummkulthum aliipokea kwenye ule upande mweupe, akaanza kuivuta, kipande juu ya kipande, na nyeupe ikapita, ikapita, haikwishi. Wanawake wakatazamana. Kisha ikatokea ile rangi ya binzari, kisha buluu, na Bi Ummkulthum akasita.

Akaiinua puani.

Abdulrazak alikuwa akijipaka mafuta ya karafuu kifuani kila usiku wa kipupwe, na kila alipoijaribu skafu ukumbini aliyaacha humo. Miezi yote ile yalikuwa yamejificha kati ya vitanzi. Bi Ummkulthum aliuingiza uso wake wote kwenye buluu. Mgongo wake mrefu ulikuwa umenyooka vile vile, lakini mabega yalitikisika, mara moja, kisha tena.

"Sikubakisha kitu," alisema ndani ya sufu. "Nilitoa vyote. Sikubakisha hata kofia nikainusa."

Nje mchuuzi wa kahawa alipita akigonganisha vikombe.

Bi Zuleikha alimtazama mwanamke huyu ambaye kwa miezi yote alikuwa akimfichia skafu nyuma ya mto. Akaona jinsi alivyokuwa amezikunja zile kanzu haraka, na sasa akaelewa ile haraka ilikuwa ya nini. Yeye aliufikia uzee na Abdulrazak. Huyu alimbeba mgongoni akiwa mtoto.

Akashika ncha ya skafu, penye sindano na kitanzi kimoja kilichokuwa kikingoja. Safari hii hakuchota vingine. Aliomba mkasi. Nassra alimpa. Bi Zuleikha alikata uzi, akaipitisha ncha yake ndani ya kitanzi, akavuta polepole mpaka kikafunga, kidogo kama punje ya mtama, na sindano ikabaki mkononi mwake haina kitu.

Kisha akaichukua skafu na kumzungushia wifi yake shingoni, mara moja, mara mbili, mara tatu, ile buluu akiiweka chini ya kidevu, na nyeupe ikashuka mpaka miguuni na kutambaa sakafuni.

Bi Ummkulthum alijaribu kuivua. "La, Zuleikha. Ishakwisha, ni sadaka sasa. Sadaka hupewa masikini. Miye si masikini."

Bi Zuleikha alimsogelea mpaka paji lake la uso likagusa lile la mwenziwe, akasema kwa sauti ambayo hata Nassra, aliyesimama karibu, aliisikia kwa shida:

"Sisi ndio masikini wake, wifi."