Sambusa za Bibi na Maneno Yangu Matatu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, huko Kibokoni, katikati ya miaka ya tisini, niliamini kwamba nimemdhuru bibi yangu kwa maneno matatu. Alikuwa akikunja sambusa za futari huku akizungumza na jirani dirishani, wala haitazami mikono yake. "Mikono kama mashine," nikasema. Sikutaja mashaallah, neno la kukinga jicho la husuda.

Ramadhani iliyofuata, mikono ile ilianza kukwama. Kidole gumba kilitetemeka, manda ya kufungia nyama ikamkaukia mkononi kabla ya kukunjwa. Shangazi Zuhura alishikilia kwamba ni jicho: aliyemtia apatikane, anawe, maji yale amwagiwe Bibi. Majirani walitajwa jikoni mmoja baada ya mwingine, na mimi, mkosa mwenyewe, nimekaa pale pale nachambua majani ya dania.

Siku ya tatu sikuweza kustahimili. Nilimpelekea Bibi bakuli la maji niliyonawia, nikaungama.

Alicheka. "Haya, nimwagie mikononi. Kichwani usiniguse, nimesukwa jana." Alipokwisha kujipangusa, akanikalisha kando yake. "Na adhabu yako ni kujifunza. Tazama. Vuta pembe hii. Geuza. Fungua mfuko. Tia nyama. Paka unga wa maji. Funga."

Mikono yake ilitii, polepole, lakini haikukwama.

"Si niliwaambia?" akasema Shangazi.

Ushahidi ulionekana kutosha. Hata hivyo, jirani alipopita na Bibi akaanza kupiga soga, mikono ilisita tena. Alipozitaja hatua, ikaendelea. Maji yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni maneno.

Baadaye daktari aliutaja ugonjwa wa Parkinson. Alieleza kwamba mara nyingi huanza kuvuruga miondoko ya mazoea, ile inayojiendea yenyewe, ilhali ile inayoongozwa kwa makini huweza kudumu zaidi.

Sasa mimi ni wakili, na sheria imenizoesha kutenga kilichotangulia na kilichosababisha. Kwa hiyo nimejiondolea shitaka la jicho. Ila siwezi kukana kwamba pasipo hofu ile nisingeungama, na pasipo kuungama nisingefundishwa. Mikono ya Bibi iliposhindwa kabisa, alikuwa akitaja hatua, nami nikikunja, na futari haikukosa sambusa zake.

Leo mikono yangu hukunja huku nikizungumza. Binti yangu huisifu, kisha husema mashaallah. Namwachia mashaallah yake. Namwita akae, nimtajie hatua moja moja.